Goti la Muuza Viatu

Muuza viatu alikuwa amekalia kiti cha wagonjwa. Bibi kizee alipopanda basi na kusimama mbele yake, muuza viatu akashika goti lake la kulia, akakunja uso. "Hili goti, bibi, linanitesa kweli kweli."

"Pole, mjukuu wangu," bibi akasema, akining'inia kwenye chuma kwa mikono miwili.

Jirani yake kitini, mama anayenyoosha viungo vya wagonjwa hospitalini, akageuka. Hawa watu hata njiani hawana likizo. "Hebu nyoosha mguu. Kunja." Akambonyeza paja, akapapasa chini ya pia ya goti. "Misuli mizima, kano nzima, mishipa ya fahamu inaitika. Linauma wapi?"

"Ndani," akajibu, jasho likimtoka. "Ndani kabisa."

"Maumivu ya ndani ndiyo mabaya," bibi akamtetea. "Mimi yangu yote mawili gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Najua anavyosikia."

Yule mama akamkazia macho muuza viatu. Muuza viatu akatamani sakafu ya basi ipasuke immeze.

Muuza viatu alipofika kituoni kwake, bibi akamchukulia begi lake, akatangulia kushuka ngazi, akiuma meno. "Pole pole, mjukuu wangu. Niegemee hapa begani."

Abiria wote walikuwa wakitazama. Akamwegemea.