Bwana Badawi Yunusi na Kondoo wa Chundwa

Asalaam aleikum masheikh, wazee, majirani, na mama zetu mlioko ndani. Mimi ni Alwi, mtoto wa ndugu wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya ami yangu, Bwana Badawi Yunusi, leo siku ya tatu tangu tulipomzika.

Alizaliwa hapa Chundwa mwaka 1904, akasoma chuoni hadi akahitimu Kurani mwaka 1916, kisha akapelekwa Langoni, mjini Lamu, kujifunza uchinjaji, akaifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Mwaka 1929 alirudi Chundwa, akaanza kufuga kondoo, na tarehe 12 Mei 1931 akamuoa Bi Mwanatumu, wakajaaliwa watoto watatu, mmoja akatangulia mbele ya haki akiwa mchanga, wakabaki Esha na Amini, ambao wako nasi hapa.

Mwezi wa Julai 1954, Idi ya Kuchinja ikikaribia, alinunua kondoo tisa bara akawaleta hapa, saba akawauza, wawili akawaachilia malishoni pamoja na kondoo wa kijiji. Katikati ya Agosti kondoo wakaanza kufa, mmoja baada ya mwingine, wakiwa na homa, macho meupe, na mkojo mwekundu kama chai ya rangi. Kwa kuwa wote walikunywa kwenye hodhi ya kisima cha Bi Umulkheir, mjane asiye na mtu wa kumsemea, watu walinong'ona kwamba ametia sumu, wakaacha kuteka maji kwake, na asubuhi moja akakuta mdomo wa kisima umezibwa kwa miba.

Ami hakuridhika na maneno hayo. Alimpasua kondoo aliyekufa mbele ya watu, akawaonyesha bandama lililovimba na nyama iliyogeuka manjano, akasema hajapata kuona sumu ifanyayo hivyo, kisha akachukua damu ya kondoo mgonjwa juu ya kipande cha kioo akaipeleka kwa bwana mifugo Lamu. Jibu lilikuja tarehe 31 Agosti, kwamba ni kijidudu kinachokaa ndani ya damu na kuila, nacho huambukizwa na kupe.

Hapo ndipo alipopata taabu ya moyo, kwa sababu siku alipowashusha wale kondoo wa bara aliona masikio yao yamejaa kupe, akasema atawatoa kupe hao Idi ikipita, na jambo hilo hakuna aliyelijua ila yeye na mkewe. Ijumaa tarehe 3 Septemba, baada ya sala, alisimama msikitini akasema, "Kondoo wenye kupe niliwaeta mimi, na niliwaona kupe wale kwa mato yangu. Mai ya Bi Umulkheir ni mema. Mwenye ghadhabu na aje kwangu." Akatoka, akaenda kuiondoa ile miba kwa mikono yake.

Kondoo arobaini na mmoja walikuwa wamekufa, wakiwemo wake karibu wote, na wako waliokataa salamu zake mwaka mzima. Naye hakulalamika, alizunguka nyumba kwa nyumba na pipa la dawa, akiwaogesha kondoo wa watu na kuwatoa kupe masikioni, hadi mwaka 1956 mkojo mwekundu ulipokoma. Siku moja ya jua kali Bi Umulkheir alimtumia mtungi wa maji ya kisima chake, akamwambia aliyeubeba, "Mwambie anywe, ametembea sana."

Maradhi ya kifua yalimwanza Machi mwaka huu wa 1958, akalazwa Lamu mara mbili, akafariki nyumbani Jumanne tarehe 14 Oktoba, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Juma lililopita aliniambia, "Alwi, ukisoma habari zangu, kondoo usiwaruke." Nami sikuwaruka.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wa Lamu, bwana mifugo, wachinjaji wenzake wa Langoni, majirani waliomuosha na kumzika, na Bi Umulkheir, aliyempikia uji siku arobaini za ugonjwa wake bila kuombwa. Na ninyi mliofiwa na kondoo, aliyesamehe tunamshukuru, ambaye bado, tunamwomba amsamehe leo, kabla hajanyanyuka hapa.

Lala kwa raha, ami, Mola akunurishie kaburi lako. Amin.