Mume Wangu Ana Kaburi, na Shati Nililitoa Mimi

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena! Lakini leo nijibuni polepole, kwa maana nimesimama hapa kuharibu ushuhuda ambao mmeupenda sana.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Mama Akinyi, wa hapa Kawangware 46, yule anayeuza samaki wadogo wa omena karibu na kinyozi. Na yule pale benchi la tatu, anayejifanya anatafuta kitu ndani ya Biblia, ni mume wangu, fundi wa viatu. Ni mara ngapi amesimama hapa akawaambia, "Mke wangu alikataa kunizika, na imani yake ndiyo iliyonirudisha"? Mlipiga makofi, nami nikainamisha kichwa, mkadhani ni unyenyekevu. Ndugu zangu, ilikuwa aibu.

Miaka ya tisini ilipoanza tulikaa Kibera, chumba kimoja cha mabati. Baba Akinyi alikuwa mwanajeshi, wa cheo cha chini kabisa, na bado tulikuwa hatujapewa nyumba kambini. Akapelekwa kaskazini, kwenye kituo kidogo cha mpakani. Aliniandikia kwamba kuna mahema machache, uzio wa miiba, tangi la maji na bendera, na baada ya hapo hakuna kitu, ni ardhi nyeupe mpaka macho yanachoka. Alisema mchana joto linafanya milima ielee. Nilikuwa nikisoma barua hiyo nimelala chali, mabati yakilia kwa jua, na mwanga ukipenya kwenye matundu ya misumari na kutambaa ukutani polepole. Nilihisi niko naye kule.

Basi siku moja alasiri, watu wakiwa wamekula na kusinzia, waasi kutoka ng'ambo ya mpaka wakakivamia kituo kile. Waliua, wakachoma mahema, wakabeba bunduki na hata maji. Na mimi sikujua lolote! Nilikuwa nacheka na majirani, siku njema kabisa. Siku ya nne wakaja maafisa wawili, wakasimama mlangoni kwangu na kofia mikononi. Walisema wamewatambua waliokufa, wamewakusanya waliopona, na mume wangu hayuko huku wala kule. Haonekani.

Haonekani! Ndugu zangu, ukiambiwa mtu amekufa, utalia. Ukiambiwa yuko hai, utampikia. Ukiambiwa haonekani, mikono yako utaifanyia nini? Mimi nilifua shati.

Alikuwa ameacha shati moja la buluu, la kuvaa akija likizo. Kila Ijumaa nililifua, ingawa hakuna aliyelivaa, nikalianika nje. Na kwa kuwa kule kwetu nguo haiachwi peke yake kwenye kamba, nilikaa chini yake nikililinda. Upepo ulikuwa ukiingia, shati linajaa kifua, mkono mmoja unainuka na kushuka. Nilikuwa nikisinzia pale pale, na kila nikisinzia namwona anatembea kwenye ardhi nyeupe, hana kivuli, hatua zake hazina sauti. Nikizinduka nahisi mchanga mdomoni. Kwa wiki saba sikujua kama nimelala au niko macho. Watu waliniongelesha, na sauti zao zikanifikia kama zinatoka ng'ambo ya mto.

Aliyekaa nami chini ya kamba ile alikuwa mwenye nyumba wangu, Mama Zubeda, Mnubi, mzaliwa wa Kibera hiyo hiyo. Alikuja na vikapu vyake, akasuka. Hakunihubiria hata siku moja, na Mungu ambariki kwa hilo.

Halafu akaja shemeji, mdogo wake Baba Akinyi, ametumwa na wazee kutoka nyumbani. Sisi Wajaluo, mtu akipotea na mwili usipatikane, hatumwachi hivyo hivyo. Linachukuliwa tunda la mti wa yago, refu, zito kama mtoto mchanga. Linafungwa nguo yake, linalazwa kaburini, na watu wanalia, kazi imeisha. Shemeji alikuja kuchukua nguo.

Na hapa sikieni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipodanganya miaka yote. Hakuja kwa ubaya! Aliketi, chai ikampoa mkononi, akalia. Akasema, "Shem, wazee wanaomba nguo yake moja. Lakini ukikataa, nitawaambia umekataa, na mimi nitasimama na wewe."

Mama Zubeda akasikia kule nje. Akaacha kikapu, akaingiza kichwa mlangoni. "Wee Mama Akinyi, usitoe hiyo shati! Babu yangu alikuwa askari. Walimlilia hapa hapa, wakamsomea dua na kila kitu, na akarudi na mguu mmoja akiuliza chakula kiko wapi!"

Kumbe mwenye imani siku hiyo alikuwa Mama Zubeda, ambaye hata si wa kanisa letu. Mimi niliyeokoka nikatoka nje, nikalitoa shati kwenye kamba likiwa bado na unyevu, nikalikunja vizuri, nikampa shemeji mkononi.

Msiseme ni mila. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimechoka! Nilitaka iishe. Nilitaka nilale usingizi ambao hauna mtu anayetembea ndani yake. Tukaenda nyumbani, tukazika, nikatupa mchanga, nikarudi Kibera nikalala siku mbili mfululizo. Na sikumwota tena.

Wiki tatu baadaye, saa sita mchana, nikasikia Mama Zubeda anapiga mayowe. Nikatoka. Mtu mwembamba amesimama kwenye mwanga, amevaa shuka la wafugaji na ndala za tairi. Binti yetu Akinyi akajificha nyuma yangu. Nilidhani ndoto imenifuata mpaka nje. Nikamgusa uso, una jasho. Ni yeye, ndugu zangu! Ni Baba Akinyi! Haleluya!

Siku ya shambulio alikuwa ameshuka kwenye mto mkavu kuchimba maji mchangani. Alisikia milio, akaona moshi, akakimbia, akapotea. Mama mmoja mchunga ngamia alimkuta, akamdondoshea maziwa mdomoni kwa vidole, akamuuguza na watu wake mpaka akaweza kufika barabarani na kupanda lori la ng'ombe.

Alioga, akala, akaketi kitandani. Akauliza, "Mama Akinyi, shati yangu iko wapi?"

Nikajibu, "Ndugu yako aliichukua kwa nguvu. Mimi nilikataa."

Maneno machache tu! Yalitoka yenyewe, kabla sijayatazama. Na Baba Akinyi akayashika. Aliniinua juu kama bendera, na ndugu yake akamfuta. Alisema, "Alikuwa na haraka gani ya kunizika? Alitaka shamba?" Akaacha jeshi, tukahamia huku, na kwa miaka sita hakula na ndugu yake. Shemeji alioa, kaka yake hakwenda harusini. Na shemeji, ndugu zangu, hakunisema. Alibeba kosa langu akanyamaza. Nilidhani ameamua hivyo na mimi nimepona. Kumbe kila mlipopiga makofi hapa ndani nilikuwa narudi chini ya kamba ile, niko macho na nimelala.

Wiki iliyopita shemeji alikuja hapa Kawangware kumtafuta ndugu yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Baba Akinyi alikuwa kibandani anashona soli. Alimwona, akainamisha kichwa, akaendelea kushona. Shemeji alisimama nje maji yakimtiririka. Hakubisha, hakuingia. Nami nilikuwa upande wa pili na sinia yangu ya omena, nikaona mvua inamnyeshea mtu kwa ajili yangu. Nikatua sinia chini. Nikavuka. Nikasema yote pale pale, mbele ya wateja, kwa sauti.

"Mimi ndiye nilimpa! Nililikunja nikampa! Yeye alisema atasimama na mimi!"

Baba Akinyi akaweka sindano chini. Nilijua ndoa yangu imeisha, nawaambia kweli. Mvua ikapungua. Halafu akaniambia jambo ambalo hata ninyi hamjalisikia, na amenipa ruhusa niliseme.

Siku zote amewaambia hakukata tamaa kule jangwani kwa sababu aliona uso wangu. Si kweli. Siku ya tatu alifika kwenye mti wa miiba, akavua viatu vya jeshi, akaviweka sawasawa kama mtu anayeingia kwake kulala. Akaniaga kwa jina. Akasema nisimngoje. Akalala afe. Yule mama wa ngamia alimkuta hivyo, peku, macho ameyafumba.

Basi mnaona! Yeye aliniachia kule, mimi nikamwachia huku. Mimi nilikuwa na shati, yeye akawa na viatu, na hakuna aliyemshikilia mwenzake. Mkono uliotushika wote wawili haukuwa wetu! Mungu hakungoja imani yangu. Alimrudisha nikiwa nimeshamzika, nimepiga usingizi! Msinipigie makofi tena, ndugu zangu. Yeye ndiye apigiwe.

Kama uko hapa asubuhi ya leo na umechoka kungoja, umeshalikunja shati na kulitoa, usijifiche kama mimi. Njoo hivyo hivyo. Yeye hategemei nguvu za mikono yako.

Sasa mtazameni yule aliyeketi kando ya Baba Akinyi, mwenye koti la kahawia. Huyo ndiye shemeji yangu. Jana walikula sahani moja. Nikawauliza kama tuende nyumbani tufukue lile shati, hata kama limeoza, ili kaburi liondoke. Shemeji akamtazama kaka yake.

Baba Akinyi akatafuna kwanza, akameza. Akasema, "Wacheni ilale. Hiyo shati iliingia kaburini mahali pangu."

Kisha akamsukumia ndugu yake kipande cha samaki kilichobaki.