Ukurasa Mtupu katika Daftari la Mama Wakesho

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu kutoka Taita na majirani wetu wa mtaa wa Observatory, Johannesburg, desturi ingetaka shemeji yangu asimame hapa, lakini nimeiomba familia niisome historia hii mwenyewe, kwa sababu marehemu mke wangu aliniachia agizo.

Rispah Mghoi Mwakio alizaliwa Wundanyi, siku ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 1958, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi papo hapo kuanzia 1965 hadi 1971, na sekondari huko Voi hadi 1975, kisha akasomea ukutubi Nairobi, akahitimu tarehe 2 Desemba 1978.

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1983, mimi nikiwa karani wa mahakama Voi, naye mkutubi, tukajaliwa watoto wawili, Wakesho, tarehe 11 Machi 1986, na Sidney, tarehe 30 Agosti 1990. Tarehe 4 Januari 1999 tulihamia Johannesburg, akaitumikia maktaba ya chuo kikuu hadi alipostaafu, tarehe 30 Septemba 2018.

Hapa ndipo agizo lake linapoingia. Jumatano, tarehe 28 Mei mwaka huu, aliniona kando ya kitanda chake nikiandika, akajua ninachoandika, akaniambia, "Baba Wakesho, ukifika 2019 usiiruke Japani. Wewe nakujua."

Alinijua kweli, kwa kuwa kwa miaka sita, kila nilipoulizwa, nilijibu kwamba alikwenda ng'ambo kupumzika, nikageuza mazungumzo. Ukweli ni kwamba safari ile ilikuwa yetu sote wawili, aliiota tangu ujana wake kwa vitabu alivyovipanga rafuni, nami nikakataa, nikiogopa kuulizwa mzee wa kanisa alifuata nini katika mahekalu ya watu, ndipo Wakesho akashika nafasi yangu.

Waliondoka Jumanne, tarehe 23 Aprili 2019. Jumamosi iliyofuata, akiwa na umri wa miaka sitini, alipanda kasri la Himeji hadi juu, kwa ngazi za mbao zilizosimama wima kama za kupandia darini, akiwa na soksi tu, viatu vyake ndani ya mfuko wa plastiki, na tangu hapo kinamama wa kwaya walimwita Mama Kasri, naye akaitika. Katika kila hekalu la Kyoto na Nara alipeleka daftari lake dogo, akaandikiwa kwa brashi jina la mahali na tarehe, kisha likagongwa muhuri mwekundu, akanitumia picha, akisema kwamba huko amewakuta makarani wenzangu.

Wakesho aliponitafsiria tarehe hizo, nilijibu kwa ukali kwamba kuna kosa, kwani muhuri wa tarehe 30 Aprili ulitaja mwaka wa thelathini na moja, na ule wa kesho yake mwaka wa kwanza, na kumbukumbu ya namna hiyo mahakama isingeipokea. Mama yake akacheka, akanieleza kwamba mfalme wao mkuu alikuwa amestaafu, hivyo miaka ikaanza kuhesabiwa upya, akaniuliza mimi nitaanza upya lini.

Nilimwahidi Oktoba 2020, mipaka ikafungwa, na ilipofunguliwa niliahirisha mwenyewe mara mbili, bila sababu, hadi tarehe 16 Oktoba 2023, madaktari walipomkuta na saratani. Aliiaga dunia Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa maktaba, kwaya, na Mama Arlène wa Troyeville, aliyekuja kila Alhamisi kumfunga kilemba nywele zilipokwisha.

Daftari lile nililifungua juzi, nikaona kurasa zote zimejaa mihuri isipokuwa ukurasa wa mwisho, ambao aliuandika jina langu kwa penseli, pembeni kabisa, akauacha mtupu. Nawaambia mbele ya wazee wenzangu kwamba nitalipeleka mwenyewe, na nitavua viatu mlangoni kama yeye, lakini siku yenyewe siijui, na hiyo ndiyo tarehe pekee ninayoiacha wazi katika historia hii.

Mama Wakesho, Japani sikuiruka. Pumzika sasa kwa amani.