Vyuma Nilivyouza kwa Jina la Meli

Amani kwenu nyote wa kikundi chetu cha kuacha pombe. Mliokaa mlangoni, sogeeni, maana nikilipazia sauti jambo hili nitazidi kuona kinyaa.

Nilikuwa baharia katika ile meli kongwe ya ziwa letu. Bandari za Kipili, Kirando, Kasanga, kote nimelala. Historia yake mnaijua: Wajerumani waliileta vipande vipande, na vita vilipowaelemea wakapaka mashine grisi, wakaizamisha wenyewe adui asiipate. Waingereza wakaja kuiibua.

Iliposimama kwa matengenezo, nchi kavu ilinishinda. Nikashinda nakumbuka safari na kunywa gongo. Ndugu zangu, nawaambia, aliyezoea kuondoka akikosa pa kwenda huoza palepale alipo. Nilikusanya vyuma chakavu kwenye gereji za Gungu, nikavimwagia maji ya chumvi vishike kutu, nikawauzia wageni pale Ujiji. Niliwaambia ni mabaki ya meli yaliyosahaulika chini ya maji.

Akaja bibi mmoja wa Rusimbi. Babu yake alikamatwa kwa nguvu akabebe mizigo ya meli hiyo wakati wa vita, hakurudi, na ukoo haukuwahi kuwa na kaburi. Alitaka chuma ambacho huenda mzee yule alikigusa, wakizike. Nikamuuzia kipande cha mashine ya kusaga mahindi. Akakiosha, akakifunga kwenye kanga mpya. Akaniita mwanangu, akanialika mazishini.

Nilienda, kwa sababu ya chakula. Naam, gunieni tu. Nikakuta shimo limechimbwa, ukoo mzima umekaa kwenye mikeka, kanga ile imepakatwa kama mtoto mchanga.

Nikasema, "Bibi, msizike. Hicho ni chuma cha mashine ya kusaga."

Wajukuu wakainuka. Bibi akawaketisha kwa ishara ya mkono, akanitazama mimi. "Kwa hiyo babu yangu bado hana kaburi. Shika jembe, bwana. Fukia shimo lako."

Nikalifukia, tupu, wote wakinitazama. Nilitapika mara mbili. Hakuna aliyenipa pole, na nashukuru hakuna aliyenipa. Kesho yake nilikuja hapa, mkanipokea. Toka siku hiyo sijaonja gongo.

Asanteni. Nanyi msimuuzie aliyefiwa kitu anachotamani kukiamini. Bibi namshukuru pia, ingawa hajanisamehe. Nikimpa shikamoo huitikia marahaba, kisha hugeuza uso. Huwa nasubiri apite kwanza, ndipo niondoke.