Foleni ya Uongo Mbele ya Duka la Vitambaa

Wasikilizaji wapendwa, Mama Pindo amefariki dunia. Fundi cherehani wetu, Mama Pindo, hatunaye tena. Waliomjua wanajua: alikuwa na huruma nyingi, ila msamaha hakuwa nao.

Mwaka mmoja kiwanda cha vitambaa kiliungua. Kitambaa kikawa haba. Shule nazo zilikaribia kufunguliwa, na kila mzazi alitaka sare. Bidhaa chache, wanunuzi wengi: bei ikapaa. Lakini muuza vitambaa wa mtaani alikuwa na majora ya kaki ya sare yaliyopangwa hadi darini.

"Imeisha, mama," alimwambia Mama Pindo. Kumbe kila wiki alitoa jora moja, kwa bei mpya.

Mama Pindo alikwisha kupatana na wazazi kwa bei ya zamani. Hakuvunja ahadi. Aliuza cherehani aliyoachiwa na mama yake, akanunua kaki kwa bei hiyo mpya.

"Hakulia," anasema binti yake. "Alisema tu, 'Huyu atanitambua.'"

Na alimtambua. Yule bwana alipima soko kwa urefu wa foleni mlangoni kwake. Mwaka uliofuata, Mama Pindo akawaita mafundi na wateja wao. Siku nne wakapanga foleni, kila mmoja akidai kaki.

"Msinisukume jamani, nina watoto sita!" alifoka shoga yake, ambaye hakuwahi kuzaa.

Bwana akakimbilia maghala yote, akanunua kaki yote kwa bei ya kuruka. Siku ya tano akafungua duka limejaa kaki. Hakuja hata paka. Sare za zamani zilikwisha kugeuzwa na kutiwa viraka, hakuna aliyehitaji mpya. Akashusha bei. Akashusha tena. Jora la mwisho alilichukua Mama Pindo mwenyewe.

Hatutaficha: foleni ya uongo ilipandisha bei ya kweli. Maghala yalibaki matupu, na mtaa wa pili dada wa Mama Pindo mwenyewe alikosa kaki. Binti alimuuliza mama yake kama anajuta.

"Kwa dada yangu, sana. Kwa yule, hata chembe."

Pole binti, pole dada, poleni mafundi wote. Nasi tuliobaki, bei inapopanda tujiulize: bidhaa imepungua kweli, wanunuzi tumezidi kweli, au kuna aliyeificha?

Jana muuza vitambaa alituma shada la maua. Familia imelirudisha. Imeomba tuseme hewani, polepole, asikie vizuri.

Tunarudia: shada limerudishwa.