Mama Ida, Aliyelima kwa Ajili ya Siku Hii

Mchungaji, wazee wetu, wazazi na majirani mliofika hapa Mahongole, habari za msiba huu niliambiwa kwanza na Mama Margareth, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, jana Jumanne mchana, aliponikuta njia panda ya Makambako nikitoka zahanati na dawa ya mama mkononi, akampokea mtoto wangu mgongoni, akasema, "Mwanangu, hiyo dawa haina kazi tena, mama amepumzika." Tulipokuwa njiani akaniambia pia kwamba baadhi ya ndugu wameanza kuulizana nani atamchukua Beatrisi, nani atamchukua Filbert, na shamba litakuwa la nani mvua ikianza. Mimi ni Fidelia, mke wa Elieza, mwana wa kwanza wa marehemu, na kwa kuwa Elieza yuko kwenye mkonge Tanga na habari bado hazijamfikia, nimepewa mimi kazi ya kusoma, naomba mnivumilie kwa sauti yangu ndogo.

Marehemu Ida binti Gideoni alizaliwa hapa Mahongole mwaka 1914, mwezi haukuandikwa, lakini mama yake alisema ilikuwa wakati wa kuvuna ulezi. Alisoma shule ya misheni Kidugala kuanzia mwaka 1926 hadi 1929, akabatizwa tarehe 5 Juni 1927, siku ya Pentekoste, na baada ya shule alirudi nyumbani akawa mkulima, kazi aliyoifanya maisha yake yote, na hapa hakuna asiyejua jinsi matuta yake yalivyonyooka.

Tarehe 12 Septemba 1931 alifunga ndoa na marehemu Nahumu, wakajaliwa watoto wanne, Elieza mwaka 1933, Lucia mwaka 1938, Beatrisi mwaka 1944 na Filbert mwezi Agosti 1946, ambaye baba yake hakumwona, kwa sababu alikuwa amekwisha kwenda kwenye mkonge Kilosa tangu Aprili, akafariki huko kwa homa Februari 1947, na kilichorudi nyumbani ni blanketi lake na sanduku la bati.

Mwaka huo palizi ilikuwa ya mikono miwili tu na mavuno yakawa haba, na mvua za Novemba zilipokaribia, mama hakuweza kuita mgowe, maana sote tunajua kwamba anayetaka watu waje kumlimia hupika pombe, au togwa kwa sisi Wakristo, na yeye hakuwa na ulezi wa kupika hata uji wa mtoto. Watu hawakumchukia, walingoja kuitwa tu, naye hakuwa na cha kuwaitia. Nusu ya shamba ikalala, jumbe akampa mtu mwingine, na Lucia, aliyekuwa darasa la pili, akapelekwa kwa ndugu kule Liganga kulea mtoto wa watu, hakurudi shule tena, na mama hakupata kulizungumza jambo hilo bila kuinamisha kichwa.

Hapo ndipo lilipoanza lile mnalolijua. Mwaka 1949, Jumapili ya kwanza ya Oktoba, baada ya ibada, aliwasimamisha wanawake nje ya kanisa, akawaomba waahidiane kwamba mmoja wao akifiwa na mume, au akifa mwenyewe, waliobaki watalima shamba la nyumba ile kila msimu mpaka watoto waweze kushika jembe, bila pombe, bila togwa, kila mtu akija na viazi vyake vya kuchemsha. Alisema jambo hili linamhusu mwenye watoto wadogo, na mwenye mzazi mzee anayemlisha, na ambaye mume wake yuko njiani kwenda mkonge, lakini zaidi linamhusu aliye mzima leo, kwa sababu mgonjwa hawezi kuwalimia wenzake ili naye aje alimiwe.

Wengine waliona anaita kifo, na baba mkubwa Hezekia, kaka wa marehemu Nahumu, ambaye yuko hapa na ameniruhusu niyasome haya, alimtania mbele ya watu, "Shemeji, sasa unawalimia wafu, au umeona nani kati yetu anaondoka?" Watu wakacheka, na mama naye akacheka, kisha akamjibu, "Shemeji, nalima sasa kwa sababu sasa ndipo nina mikono."

Walianza wanawake wachache. Mwaka 1951 Telesia, mke wa Dionis, alipofariki, majembe yalikwenda kwake mapema asubuhi, Walutheri na Wakatoliki pamoja, na watoto wa Dionis hawakugawanywa, wamekaa kwenye nyumba ya mama yao mpaka leo, mnawaona wamesimama pale. Wanaume wakaanza kuingia, na mwaka 1953 jumbe yuleyule aliyegawa shamba alikuja kuomba nafasi, mama akampokea vizuri, akamwomba tu alete jembe, asilete karani wa kuandika mashamba.

Machi mwaka huu, 1956, alianza kuugua kifua, akalazwa hospitali ya Njombe mwezi Mei na tena mwezi Agosti. Kila zamu yake ilipofika alinituma mimi na jembe lake, mtoto mgongoni, nami nilidhani anahofia wenzake wasimseme vibaya, kumbe alikuwa anamlimia Filbert. Alifariki nyumbani jana tarehe 6 Novemba, asubuhi, akiwa na miaka arobaini na miwili.

Tunawashukuru daktari na wauguzi wa Njombe, mganga wa zahanati ya Makambako, mchungaji, Mama Margareth aliyemwosha, na wenzake wote wa jembe.

Ninyi wa chama hiki cha jembe mnajua kwamba ardhi hailimwi kabla maiti haijazikwa, lakini anayetimiza ahadi huleta jembe lake msibani asubuhi na kuliegemeza ukutani. Jana sikuwa na uhakika, maana aliyekuwa anawakumbusha watu ndiye aliyeondoka. Leo kulipopambazuka nilitoka kufagia chini ya ukuta, nikakuta jembe moja limeshafika, na baba mkubwa Hezekia, ambaye hakuwahi kujiunga, amesimama kando yake, akaniambia, "Mwanangu, mikono bado ninayo. Watoto hawaendi popote." Baada yake mlikuja ninyi, mkaja, mkaja, mpaka ukuta ukajaa na majembe mengine yakaegemezwa kwenye ua, kama mnavyoyaona, na walioulizana jana hawakuuliza tena.

Nami nikaingia ndani, nikalitoa jembe la mama, nikaliweka mwanzo wa mstari, nikawaamsha Beatrisi na Filbert waje waone, halafu nikawapa uji, nikamtuma Beatrisi shule kumwambia mwalimu kwamba leo hatakuwapo, ila kesho kutwa atarudi.

Mama, pumzika kwa amani, wanao wako nyumbani.