Pikapu Inayomsubiri Baba Mlangoni

Wazee wetu, mama zetu, majirani mliopanda mlima na mablanketi yenu kwenye baridi hii, mimi ni Puseletso, binti wa kwanza wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma, basi nisikilizeni mpaka mwisho, hasa mwisho.

Baba yetu, Ntate Ramatla Sekhesa, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 hapa hapa Semonkong, akasoma shule ya misheni hadi darasa la saba, mwaka 1976 akaenda migodini Welkom, huko akajifunza ufundi wa mitambo, na mwaka 1984 akamwoa mama yetu, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Kananelo, ambaye leo amepangwa kuwa dereva.

Mwaka 1995 alirudi akafungua gereji, na nani hapa hakufokewa na Baba mbele ya boneti iliyo wazi? Oili isimame kati ya alama mbili za kijiti, ibadilishwe kila kilomita elfu tano, rejeta haifunguliwi ikiwa ya moto, na kile kikopo cheupe nyuma kabisa, upande wa dereva, ni cha mafuta ya breki, kiangalieni kabla ya mteremko, maana, alikuwa akisema, “Breki hazinywi mafuta, yakipungua yanavuja, na wewe unaongeza tu kama unamwagilia kabichi!” Mwaka 2011 mteja mmoja alimcheka, akaongeza, akashuka mteremko huu wa makaburini, tukazika watu wanne, na tangu hapo Baba hakutaka mzaha na breki.

Jumanne tarehe 30 Mei 2023 alifungua boneti ya pikapu yake mwenyewe, akakuta kikopo kimepungua mara ya pili wiki ile, akamwambia mama, “Hii isiwashwe mpaka nijue yanatokea wapi,” lakini hakuwahi kujua, kiharusi kikamwangusha palepale, akafariki hospitalini Ijumaa tarehe 2 Juni. Mama akaifunga boneti, wazee wakaagiza kwamba vitu vya marehemu visiguswe hadi nguo za msiba zivuliwe, kisha wakaichagua pikapu hiyo hiyo imshushe Baba kaburini, na watu ishirini juu yake.

Jana nilitaka kuifungua, baba mkubwa akanikemea, “We mtoto, unatutafutia balaa? Vya marehemu havichokonolewi!” na Kananelo naye, “Dada, tulia, breki zinashika, nimezijaribu hapa uani,” uani, jamani, kwenye tambarare! Naogopa, nasema mbele yenu wote, naogopa, kwa sababu asubuhi hii gurudumu la nyuma la kushoto limelowa kwa ndani, mvua hatujaiona tangu Aprili, na nimegusa, si umande, linateleza.

Baba mkubwa, heshima yako iko palepale, mila sitaivunja, boneti haitafunguliwa, ila ufunguo ninao mimi, na siutoi, mnipige mkitaka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia siku zile tatu, majirani mliokesha nasi na kutupikia, mafundi wenzake wa gereji, nanyi vijana, vueni mablanketi mje hapa mbele, jeneza ni zito.

Pumzika kwa amani, Baba, sisi tunakushusha kwa miguu.